Kwa Sahibu Wake: Kusoma Maandishi ya Vyombo vya Shaba vya Herat na Mosul

Makala haya yamezaliwa na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, katika somo la historia ya maandishi, kila mwanafunzi alipewa zamu ya kueleza mbele ya wenzake jinsi watu wa mahali fulani walivyoandika. Mimi nilichagua maandishi ya Kiarabu. Nilisema, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba Waislamu wa zamani walikatazwa kuchora viumbe, na kwa sababu hiyo herufi zikawa pambo lao la pekee. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Umekwisha kuiona ndoo ya Herat?"

Sikuwa nimeiona. Niliitafuta, na picha ya kwanza niliyoipata ilitosha kunifunga kinywa. Kwenye ndoo ile kuna watu wanaokunywa, wanaopiga ala za muziki, wanaocheza bao la dadu, wanaokwenda juu ya farasi. Tena herufi zenyewe, zile nilizodai kwamba zilichukua nafasi ya viumbe, zina vichwa vya watu. Mistari ya wima inapanda juu na kuishia katika uso wenye macho na pua. Chini kuna miguu na mikono. Maandishi yale yanatembea.

Jambo hili lilinigusa kwa sababu nyingine pia. Baba yangu mdogo anafua shaba hapa Lubumbashi. Anapiga sahani za ukutani na picha za kuuza kwa wageni: mwanamke anayetwanga, samaki, ramani ya nchi. Nimekulia kando ya nyundo yake, na sikuwahi kuona jina lake juu ya kazi yake hata moja. Ndoo ya Herat ina majina manne. Katika kurasa hizi nitaeleza vyombo hivyo vilivyotengenezwaje, kwa nini viliandikwa, na namna msomaji wa Kiswahili anavyoweza kuvisoma kwa urahisi kuliko anavyodhani. Mwishoni nitarudi kwa baba mdogo.

1. Ndoo yenyewe

Ndoo hii huitwa ndoo ya Bobrinski, kwa jina la mkusanyaji wa Kirusi aliyeipata Bukhara mwaka 1885. Leo imewekwa katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Ilitengenezwa Herat, mji uliokuwa katika nchi ya Khurasan na ambao sasa uko magharibi mwa Afghanistan. Tarehe yake imeandikwa juu ya mpini: mwezi wa Muharram, mwaka 559 wa Hijra, yaani Desemba 1163.

Si chombo kikubwa. Kimo chake ni sentimita 18 hivi bila mpini. Umbo lake ni la duara, limekaa kama chungu kidogo, nalo limezungushwa safu tano za nakshi. Safu tatu ni za maandishi, mbili ni za picha. Maandishi hayakuandikwa kwa namna moja. Safu ya kati ni ya Kikufi, mwandiko wa herufi zenye pembe, ambao hapa umesukwa mafundo kama nywele. Safu za juu na chini ni za mwandiko wa mviringo, na humo ndimo wamo watu ndani ya herufi.

Kwa hiyo kosa langu lilikuwa wapi? Ni kweli kwamba ndani ya msikiti, na juu ya Kurani, picha za viumbe hazikuwekwa. Lakini ndoo, birika, kinara cha mishumaa na sinia ni vyombo vya nyumbani, vya karamuni na vya hamamu. Huko tajiri wa Khurasan alipenda kuona alichopenda kufanya: kuwinda, kula na rafiki, kusikiliza muziki. Mimi nilichukua desturi ya mahali pamoja nikaivisha nchi zima.

2. Shaba ni nini? Neno kabla ya madini

Sisi wa Katanga tunadhani tunalijua neno hili. Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, na wazazi wetu waliandika jina hilo kwenye kila karatasi ya serikali. Kwetu shaba ni kile kinachochimbwa: jiwe la kijani linaloingia kwenye tanuru na kutoka jekundu. Kwa Kisanga ni *mukuba*.

Lakini neno *shaba* lilitoka Kiarabu, na huko *shabah* halikuwa madini yanayochimbwa. Shaba nyekundu kwa Kiarabu ni *nuhas*. *Shabah* ni ile ya manjano, iliyochanganywa, ambayo Wafaransa wanaiita *laiton*. Tena jina lenyewe limetoka katika mzizi wa herufi tatu, *sh-b-h*, wenye maana ya kufanana. Shaba ya manjano iliitwa hivyo kwa sababu inafanana na dhahabu. Mzizi huohuo Kiswahili kinao mara ya pili katika kitenzi *kushabihi* na *kushabihiana*. Ukisema "mtoto huyu anashabihiana na baba yake", umetumia neno lililo ndugu wa damu wa shaba.

Kwa hiyo neno lilianza kama jina la kitu kinachoiga, na lilipofika katika Kiswahili likapanuka mpaka likafunika pia kitu cha asili. Ndiyo maana leo inatubidi kuongeza rangi: shaba nyekundu, shaba ya manjano. Na ndiyo maana ni vigumu kutafsiri kadi za makumbusho. Vyombo vingi vinavyoitwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, vilipopimwa vikaonekana kuwa vimechanganywa na zinki, au na zinki, bati na risasi kwa pamoja. Mafundi wa zamani waliyeyusha kilichopatikana, pamoja na vyombo vikuukuu vilivyovunjika. Neno letu *shaba*, ambalo walimu wengine wanalilaumu kwamba halitenganishi mambo, linafaa hapa kuliko maneno ya Ulaya yanayojifanya kujua.

Zinki yenyewe mafundi wale hawakuwa nayo kama madini yaliyo peke yake, maana ikipashwa moto hugeuka mvuke na kupotea. Walitumia unga wa tutiya, ambao ni oksidi ya zinki, na wa Kirman katika Uajemi ulikuwa na sifa. Waliufungia pamoja na vipande vya shaba nyekundu ndani ya chungu, wakatia moto mkali, na mvuke ukaingia ndani ya shaba na kuigeuza rangi. Bati nalo lilikuwa na kazi yake. Bronzi yenye bati nyingi sana hutoka nyeupe, karibu kama fedha. Mwanachuoni al-Biruni, aliyeishi katika karne ya 10 na ya 11, ameieleza kwa jina la *isfidruy*, neno la Kiajemi linalotaja weupe wake.

Manjano kama dhahabu, nyeupe kama fedha: unaona njia inakoelekea. Hadithi za Mtume zinakataza kunywa na kula katika vyombo vya dhahabu na fedha. Wafalme hawakuwa wote wanaotii, na vyombo vya fedha vilikuwapo. Lakini kwa mfanyabiashara mcha Mungu, au mwenye kutaka kuonekana hivyo, shaba ilifungua mlango. Chombo ni cha shaba, na fedha ni pambo tu. Wataalamu wengine wanaongeza kwamba katika karne za 11 na 12 fedha iliadimika katika nchi za mashariki ya Uislamu, na kwamba uhaba huo ulisaidia kazi ya shaba kupanda cheo. Sababu zote mbili zinaweza kukaa pamoja.

3. Kazi ilivyofanyika

Chombo kilizaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusubu: shaba iliyoyeyuka humiminwa katika kalibu, ikapoa, kalibu ikavunjwa au kufunguliwa, kisha chombo kikasuguliwa. Ya pili ni kufua: bamba hupigwa kwa nyundo mpaka likawa na tumbo na shingo. Mpigaji hulirudisha motoni mara kwa mara, maana shaba ikipigwa sana huwa ngumu na kupasuka. Jambo hili sikulisoma kitabuni, nimeliona nyuma ya nyumba yetu.

Baada ya hapo huja kazi ya kutia njumu, na hiyo ndiyo iliyoupa Herat jina. Fundi huchora mstari juu ya chombo. Kisha kwa tindo na nyundo ndogo huchimba mfereji mwembamba kufuata mstari ule, na kuinamisha kingo zake ziingie ndani kidogo, kama mdomo uliokunjwa. Waya wa fedha au wa shaba nyekundu huwekwa mferejini na kugongwa. Kwa kuwa fedha ni laini, hutanuka, ikaingia chini ya kingo na kushikwa hapo. Hakuna gundi wala risasi ya kuunganishia. Kama mahali pa kujaza ni papana, mfano uso wa mtu au mwili wa farasi, fundi hukata kipande cha bamba jembamba la fedha, hukibana kingo zake, kisha huchora juu yake macho na mikunjo ya nguo. Mwisho nafasi zilizobaki hujazwa kitu cheusi, kama lami, ili manjano, nyeupe na nyekundu zionekane vizuri.

Kazi ya namna hiyo hailipiki kwa chombo cha kila siku. Na hapa maandishi yanaingia, maana chombo kilichogharimu hivi lazima kiseme ni cha nani.

4. Lugha ya dua: neno linalosubiri mtu

Ukikusanya maandishi ya vyombo vingi vya shaba vya karne ya 11 mpaka ya 13, utashangaa kuona yanavyofanana. Ni orodha ya majina yaliyounganishwa kwa "na", na mwisho kuna maneno mawili: *li-sahibihi*. Tafsiri yake haihitaji kamusi ya Kiarabu: kwa sahibu wake, kwa mwenyewe.

Mfano mzuri ni mnyama mkubwa wa bronzi aliye leo katika mji wa Pisa, Italia. Ana mwili wa simba na kichwa na mabawa ya tai, na urefu wake unapita mita moja. Alitengenezwa katika nchi ya Waislamu, na wengi wanaona ni Hispania ya wakati ule, kati ya karne ya 11 na ya 12. Kifuani na ubavuni pake kuna maandishi ya Kikufi yanayomwombea mwenye kitu baraka, neema, salama ya daima, afya kamili, saada. Nimeandika maneno hayo kwa Kiswahili, lakini nimebadilisha herufi chache tu: *baraka*, *ni'ma*, *salama*, *da'ima*, *'afiya*, *kamila*, *sa'ada*. Mtu wa Bukavu au wa Kalemie ambaye hajasoma Kiarabu hata siku moja, ukimsomea taratibu, atapata maana.

Orodha hiyo naipanua kwa maneno yaliyoko kwenye vyombo vya Khurasan. *'Izz*, utukufu, kwetu imekuwa *enzi*. *Dawla* ni *dola*. *Baqa*, kudumu, ni ndugu wa *baki*. *Iqbal*, bahati inayokuja kukulaki, wenye Kiswahili cha pwani wanayo katika *ikibali*. Vyombo vyenyewe pia vimetuachia majina: *ibriq* ni *birika*, *siniya* ni *sinia*, *sahn* ni *sahani*, na *qalib* ni *kalibu*. Na kazi nzima ya pambo, *naqsh*, ni *nakshi*. Kiswahili hakikuyapata maneno haya kutoka kwenye ndoo za Herat. Kiliyapata katika biashara, dua na maongezi ya pwani kwa karne nyingi. Lakini maneno ya dua na maneno ya chombo yalifika pamoja, kama yalivyokaa pamoja juu ya shaba.

Nawaomba wenzangu wa sarufi watazame kile kiambishi cha mwisho, *-hi*, "wake". Wake nani? Juu ya vyombo vingi hakuna jina linalotangulia wala linalofuata. Kiambishi kinaelekeza kwa mtu ambaye maandishi hayamjui. Sababu ni ya soko: fundi alitengeneza chombo kabla ya kumpata mnunuzi, akaandika dua ambayo ingemfaa yeyote atakayelipa. Siku ya kununua ndipo kiambishi kilipopata mwenyewe. Na chombo kikiuzwa tena, dua inahamia kwa mwingine bila kubadilisha herufi.

Mnyama wa Pisa anaonyesha jambo hili lilivyo na nguvu. Kwa karne nyingi, mpaka 1828, alikuwa juu ya paa la kanisa kuu la Pisa. Waliomweka huko hawakusoma Kiarabu. Lakini kwa sarufi yake, dua ile ya salama na afya ilikuwa inaliombea kanisa, kwa kuwa ndilo lililokuwa sahibu wake.

Tena dua hizi hazikuandikwa daima kwa utulivu. Nafasi ikiisha, fundi alikata neno katikati. Pengine alirudia neno, au aliacha herufi, ama kwa haraka ama kwa kuwa hakuwa msomi. Juu ya ndoo ya Bobrinski zile herufi zenye vichwa ni ngumu kusoma hata kwa wanaozijua. Hapo ndipo niliposimama na kujiuliza: kwa nini uandike kitu kisichosomeka upesi? Jibu ninaloliona ni kwamba msomaji alijua tayari kilichoandikwa. Dua ilikuwa ya kawaida, kama vile mwenye kuona kanga kwa mbali anavyojua pana maneno juu ya pindo kabla hajayafikia. Kusoma kulikuwa kutambua. Herufi zilizovaa nyuso zilimpa mtu mchezo wa kutafuta anachokijua.

5. Amri, dharuba, amali

Sasa tufike kwenye ukingo wa ndoo ya Herat, ambako dua ya kila mtu inaachwa na majina ya watu yanaanza. Maandishi ya ukingoni ni ya Kiajemi na Kiarabu vilivyochanganyika, yanataja watu wanne, na kila mmoja amefungwa na neno lake.

Wa kwanza ni Abd al-Rahman ibn Abdallah al-Rashidi, aliyeagiza. Neno lake ni la mzizi wa *amri*. Wa pili ni Muhammad ibn Abd al-Wahid, aliyeliumba umbo la ndoo. Neno lake ni *darb*, kupiga, ambalo kwetu liko katika *dharuba*, pigo. Wa tatu ni Masud ibn Ahmad, mtia nakshi wa Herat, na neno lake ni *'amal*, yaani *amali*, kazi. Wa nne ndiye sahibu: Rashid al-Din Azizi, mtu wa Zanjan, ambaye anapewa msururu wa sifa. Anaitwa fahari ya wafanyabiashara, mwaminifu wa waumini, pambo la hija na la miji miwili mitakatifu. Kisha anaombewa utukufu wake udumu.

Mambo matatu yanajitokeza hapa. La kwanza, mwenye ndoo si sultani. Ni mfanyabiashara, na uchumi wa mji wenye watu wa aina yake ndio uliolisha mafundi. La pili, aliyeagiza na aliyepewa ni watu wawili, kwa hiyo inaonekana ndoo ilikuwa zawadi. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, mafundi ni wawili na kazi zao zimetenganishwa. Aliyeumba hakumezwa na aliyepamba. Katika mstari mmoja wamesimama mtoa pesa, mpiga nyundo, mtia nakshi na tajiri, kila mtu na jina lake, jina la baba yake na kitenzi chake.

Katika masomo yetu ya sintaksia tunafundishwa kumtafuta mtenda. Nimekutana na sentensi nyingi za kadi za makumbusho zenye kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda: "ilitengenezwa katika karne fulani". Maandishi ya Herat hayakubali hilo. Yanauliza aliyeamuru ni nani na aliyepiga ni nani.

6. Mosul: mwanafunzi anapotia jina

Wamongolia walipoiharibu Khurasan kuanzia 1220, kazi ya kutia njumu ilikuwa imekwisha kuota mizizi magharibi, hasa Mosul, katika Iraki ya leo. Katikati ya karne ya 13 mwandishi Ibn Said wa Maghribi aliusifu mji huo kwa vyombo vyake vya shaba vilivyopelekwa kwa wafalme.

Birika maarufu kuliko yote ya huko liko London, katika British Museum. Huitwa birika la Blacas. Kimo chake ni sentimita 30 hivi, na limejaa fedha na shaba nyekundu juu ya shaba ya manjano: mwanamke anayejitazama kwenye kioo, mtu juu ya ngamia, wawindaji, wapiga muziki. Shingoni limeandikwa kwamba limetiwa nakshi na Shuja ibn Mana wa Mosul, mwezi wa Rajab mwaka 629, yaani 1232, katika mji wa Mosul. Vyombo vingi vina sahihi ya mtu anayejiita al-Mawsili, "wa Mosul", lakini hiki ndicho peke yake kinachosema wazi kwamba kilitengenezewa humo humo. Hapa lugha inatufundisha kuwa na tahadhari. Jina la asili linamfuata mtu anakohamia. Fundi aliyejiandika "wa Mosul" huenda aliandika hivyo kwa kuwa alikuwa Damasko au Kairo, ambako sifa ya mji wake ilimletea wateja. Sisi wenyewe tunajua: mtu haitwi "mtu wa Likasi" akiwa Likasi.

Sahihi nyingine inanifurahisha zaidi. Katika Metropolitan Museum ya New York lipo birika la mwaka 1226 lililotiwa jina na Umar, mtoto wa Jaldak, anayejitaja kuwa *ghulam* wa Ahmad al-Dhaki, mtia nakshi wa Mosul. *Ghulam* ni *ghulamu*, kijana, na hapa maana yake ni kijana wa karakana, anayefanya kazi chini ya bwana wake. Kijana ameandika jina lake, na bwana wake hakulifuta. Pengine jina la bwana liliuza birika. Hata hivyo la kijana ndilo la kwanza.

Kisha kuna beseni la Louvre, Paris, ambalo Wafaransa wanaliita bakuli la ubatizo la Saint Louis. Jina hilo halina ukweli wa historia: mfalme Louis wa Tisa alikufa 1270, na wataalamu wengi wanaliweka beseni katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, enzi za Wamamluki wa Misri na Sham. Lakini ubatizo ni wa kweli, maana Louis wa Kumi na Tatu alibatizwa ndani yake mwaka 1606. Beseni hili halina ule mkanda mkubwa wa maandishi tuliouzoea. Nafasi yote imepewa wapanda farasi, watumishi, wanyama. Lakini fundi, Muhammad ibn al-Zayn, ametia jina lake mara sita, na mara nyingine amelificha ndani ya picha zenyewe, juu ya vitu ambavyo watu waliochorwa wanavishika au wanavikalia. Jina la sahibu halipo, ila la mkono uliofanya linarudiwarudiwa.

Mwisho wa habari hii umeandikwa na al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo wa karne ya 15. Anataja soko la watia njumu wa mji wake. Anakumbuka jinsi zamani nyumba za Kairo zilivyokuwa na vyombo hivi, na jinsi bibi arusi alivyopelekwa kwa mumewe pamoja navyo. Katika siku zake, anasema, mafundi wamebaki wachache, na kuna watu wanaonunua vyombo vya zamani ili kubandua fedha na kuiuza. Ndiyo maana katika picha nyingi za vyombo hivi tunaona nyuso zilizobaki shimo. Fedha imetoka, na mfereji wa tindo unaonekana. Maandishi mara nyingi yanasomeka bado, kwa kuwa hata mfereji mtupu una umbo la herufi.

7. Kurudi Lubumbashi

Sitaki kusema kwamba shaba ya Katanga ilifika Mosul. Sina ushahidi wowote, na kosa moja la kujiamini linatosha. Tunalolijua ni kwamba katika karne hizohizo, kuanzia ya 13, wazee wa huku walisubu misalaba ya shaba, ambayo imechimbuliwa katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba. Walikuwa mafundi wa kweli, nao pia walikuwa na kalibu. Tofauti ni kwamba misalaba yao haina maandishi, na majina yao hatunayo.

Jioni moja nilimpelekea baba mdogo picha ya ndoo ya Herat. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na taa, akaniuliza fedha imeshikwa na nini. Nilimweleza habari ya kingo zilizoinamishwa. Akatingisha kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la kitu alichokuwa akikitafuta. Kisha nikamsomea yale majina manne. Aliponisikia nikitaja aliyepiga na aliyetia nakshi kila mtu peke yake, alicheka: "Kumbe na bo balikuwa banagawana kazi! Na banaandika jina ya kila mutu?"

Nikamuuliza kwa nini yeye haandiki. Akasema mwenye duka anayechukua sahani zake hataki. Nyuma ya kila sahani duka linabandika karatasi yenye jina lake. Mteja anarudi kwao akijua duka, hajui mkono. Baba mdogo hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyotaja bei ya makaa.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Maandishi ya shaba yanatuonyesha kwamba jina juu ya kazi si jambo lililojileta. Lilipatikana mahali fulani na wakati fulani, pale fundi alipokuwa na sifa ya kutosha na mnunuzi alipojivunia kumjua. Mahali pengine, palepale Khurasan, vyombo vingi vilikwenda sokoni bila jina lolote, na dua tu kwa sahibu asiyejulikana. Njia zote mbili zilikuwapo upande kwa upande.

Kwetu sisi wa fakulte ya lugha naona kazi mbili. Ya kwanza ni kuacha kudhani kwamba matini ni karatasi. Ndoo ni matini, birika ni matini, na ukingo wa sahani una sarufi yake: una mtenda, una kiambishi kinachosubiri mtu, una neno lililokatwa kwa kukosa nafasi. Ya pili iko karibu zaidi. Katika mji huu mna watu wanaoandika juu ya shaba, juu ya mbao, juu ya nguo na juu ya magari, na hatujakusanya maandishi yao. Nimeanza na mmoja. Nimemwomba baba mdogo anitajie maneno yote ya kazi yake, kuanzia jina la kila nyundo, nami ninayaandika katika daftari. Mpaka sasa tumefika kwenye moto.

Wiki iliyopita alinionyesha sahani aliyoimaliza, ya samaki wawili. Chini ya mkia wa samaki wa pili, ndani ya magamba, mahali ambapo mwenye duka hatatazama, amegonga herufi tatu ndogo. Nilizitambua kabla ya kuzisoma.